Mbwa wa Nani?

Maneno ya Kamati ya Fedha kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa jumuiya yetu, Bububu



Wazee wetu, sheha wetu, maalim zetu, kina mama, vijana, na nyinyi mliokuja kutoka mjini, Dar es Salaam na Maskati kwa ajili ya siku hii. Kila mwaka sisi wa Kamati ya Fedha tunapopewa nafasi hii tunasoma mapato na matumizi, watu wanapiga miayo, kisha tunakaa. Mwaka huu hesabu zimechapishwa kurasa za nyuma za kijitabu hiki na kila mtu ataziona kwa macho yake. Dakika zetu tumeomba tuzitumie kwa jambo moja, nalo linaanza na kosa letu wenyewe.

Mwaka juzi bajeti ilipokuja mezani ilikuwa na kifungu kidogo cha kuchangia siku ya chanjo ya mbwa. Tulikifuta. Hakuna aliyekitetea. Tuliulizana tu: mbwa wa nani? Jumuiya hii haina mbwa. Wengi wetu hapa hatufugi mbwa, na akitugusa na umajimaji tunakwenda kujitwaharisha. Mbwa tunaowaona Bububu ni wa walinzi wa majumba yanayojengwa, ni wa mashamba ya huko juu Kijichi na Kizimbani, na wengine wako pwani na jaani, hawana mwenyewe. Tukasema fedha za wana Bububu ziende kwenye madawati ya skuli. Tukapiga mstari mwekundu, tukaendelea na kifungu kinachofuata. Haikutuchukua hata dakika mbili.

Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, mtoto wa miaka minane alikuwa anatoka chuoni baada ya Alasiri. Akapita njia ya nyuma ya vibanda, njia aliyokatazwa na mama yake. Mbwa akamtokea bila kubweka na kumuuma kwenye kigimbi cha mguu. Mtoto akakimbia, akajifunga kitambaa, akanyamaza, maana angesema angeulizwa njia ile alifuata nini. Hiyo ilikuwa Jumanne. Mama yake aliliona jeraha Ijumaa. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akatia manjano na mafuta ya taa. Mbwa mwenyewe vijana walikuwa wameshamuua kwa mawe siku ile ile kwa sababu alikuwa anafukuza mbuzi, wakamtupa baharini, kwa hiyo hapakuwa tena na cha kuchunguzwa.

Sisi tunaokaa mjini simu ilitufikia Ijumaa usiku. Kituo cha kwanza tulichokwenda kilituambia chanjo imekwisha, turudi Jumatatu. Tukapiga simu huku na kule mpaka Jumamosi mchana ndipo ikapatikana kwengine. Na njiani mama akatuuliza swali ambalo tungeuliza hata sisi: mtoto anacheza, anakula, hana homa, kidonda chenyewe kinakauka, sasa sindano ya nini?

Hatukuwa na jibu. Sisi ni wahasibu, si madaktari. Lakini tangu siku ile tumesoma, tumeuliza, na haya tunayoyasema tumewaomba daktari wa watu na daktari wa mifugo wayapitie kabla ya leo.

Kichaa cha mbwa kinaletwa na virusi vinavyokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Akiuma, mate yanaingia ndani ya nyama. Akilamba kidonda kibichi, au mate yakiingia machoni au mdomoni, ni njia hiyo hiyo. Virusi vikishaingia havikimbilii kwenye damu kama maradhi mengine. Vinakaa kwanza pale pale kwenye msuli, vinaongezeka kidogo, kisha vinaingia kwenye ncha za mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kutoka mwilini kwenda kichwani. Humo vinasafiri polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani, mpaka kwenye uti wa mgongo, na kutoka hapo mpaka kwenye ubongo.

Safari hiyo ndiyo inayotudanganya. Kwa kawaida inachukua miezi miwili au mitatu. Inaweza kuwa wiki moja, inaweza kufika mwaka. Aliyeumwa mguuni ana njia ndefu kuliko aliyeumwa usoni, na watoto huumwa zaidi usoni na kichwani kwa sababu vimo vyao viko sawa na mdomo wa mbwa. Muda wote huo mtu hana homa, hana maumivu, na kinga ya mwili wake haijashtuka, kwa sababu ndani ya mshipa wa fahamu askari wa mwili hawavioni virusi. Ukipima damu yake siku hizo hupati kitu. Sisi wa hesabu tunalijua deni la namna hii: limeshaandikwa kwenye daftari la mtu mwengine, wewe hujaletewa bado.

Vikifika kwenye ubongo vinazaana kwa wingi, na hapo vinafanya jambo ambalo lilitutisha tulipolielewa. Vinateremka tena kwa njia ya mishipa ile ile mpaka kwenye tezi za mate, na wakati huo huo vinamvuruga mnyama akili ili aume. Mate yamejaa virusi, na mwenye mate anatafuta wa kumuuma. Ugonjwa umejitengenezea mpando wake wenyewe.

Kwa binadamu dalili zinaanza na homa, kichwa kuuma, na mara nyingi kuwashwa au kufa ganzi pale pale palipoumwa, hata kama kidonda kilishapona zamani. Halafu linakuja lile wazee wetu walilolijua: kuogopa maji. Mtu ana kiu, anataka kunywa, lakini akileta gilasi mdomoni koo linakaza kwa maumivu makali kiasi kwamba baadaye hata kuyaona maji au kusikia yakimiminwa kunamfanya ashtuke. Upepo wa feni ukimpiga usoni humfanya vivyo hivyo. Anahangaika, anatulia, anazungumza akili timamu, anahangaika tena. Wengine hawahangaiki, miguu inalegea, kisha mikono, kisha pumzi, na hao mara nyingi hudhaniwa wana maradhi mengine. Huko nyuma watu walifungwa kamba wakisomewa kwa kudhaniwa wana shetani. Hatusemi haya kumlaumu mtu. Tunasema kwa sababu dalili zikishaanza hakuna dawa, wala ya hospitali wala ya mganga, na siku zinazobaki ni chache. Waliopona katika dunia nzima ni wa kuhesabu.

Ndiyo maana sindano ile ilikuwa na kazi kwa mtoto anayecheza. Chanjo inaufundisha mwili kutengeneza kinga wakati virusi bado viko njiani. Ni mashindano ya mbio, na kwa kuwa mwenzako anatembea polepole, ukianza mapema unamshinda. Jambo hili lilijaribiwa kwa mara ya kwanza Paris tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa miaka tisa aliyeitwa Joseph Meister, aliyekuwa amejaa majeraha ya mbwa. Mtoto yule akaishi. Tangu siku hiyo, yaani kwa miaka zaidi ya 130, kila anayekufa kwa kichaa cha mbwa anakufa kwa maradhi yenye kinga inayojulikana. Na bado Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka, karibu vyote vikitokana na mbwa, na kwa kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Kwa Tanzania makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalisema vifo vinakaribia 1,500 kila mwaka. Wengi wao hawakufika hospitali hata kuhesabiwa.

Sasa la kufanya mtu akiumwa. Hili tunaomba mlishike hata kama mengine yote mtayasahau mkifika nyumbani.

Kidonda kioshwe hapo hapo, kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15 kwa saa. Si kumwagia tu. Dakika 15 ni ndefu, muulize mama yeyote aliyemshika mtoto anayelia chini ya mfereji. Sabuni ya kawaida ya kufulia inatosha, kwa sababu inavunja ganda la virusi kabla havijaingia mshipani. Kama hakuna maji ya mfereji, chota ndoo na mimina kwa kata. Kisha tia spiriti au ayodini kama ipo. Usitie manjano, kahawa, mafuta ya taa, wala majani, na kidonda kisishonwe haraka haraka.

Hapa ipo nasaha ndogo, na maalim zetu wako hapa watatusahihisha. Wengi wetu tumelelewa kwamba palipopitiwa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Tumewahi kuona udongo ukipakwa kwenye jeraha bichi kwa imani hiyo. Suala la twahara lina wenyewe na tunawaachia. Sisi tunachoomba ni kwamba jeraha lilipo wazi lianze na sabuni na maji, na udongo usiingizwe ndani ya nyama, kisha mtu amuulize sheikh wake lililobaki akiwa njiani kwenda hospitali.

Baada ya kuosha ni chanjo, siku ile ile. Ikichomwa ndani ya ngozi, utaratibu wa Shirika la Afya Duniani ni siku ya kwanza, ambayo wao huiita siku 0, kisha siku ya 3 na ya 7. Ikichomwa kwenye msuli siku zinaongezeka, na tarehe zinaandikwa kwenye kadi. Kwa jeraha lililochimba au lililo kichwani na usoni, daktari anaweza kuongeza kinga iliyokwisha kutengenezwa, inayochomwa pembezoni mwa kidonda chenyewe, ili imlinde mtu siku zile za mwanzo kabla mwili haujatengeneza yake. Aliyechelewa asikate tamaa akakaa nyumbani. Madamu dalili hazijaanza, aende. Na aliyeanza amalize, maana tumewaona watu wanaokwenda sindano ya kwanza wakiwa na hofu na ya tatu hawaonekani, hofu imekwisha na nauli imekwisha.

Mbwa aliyeuma, kama anajulikana na anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na aangaliwe siku kumi huku chanjo ikiendelea. Mbwa anayetoa virusi kwenye mate hamalizi siku kumi akiwa mzima. Kama ameshakufa au kuuawa, aitwe daktari wa mifugo amchukue akachunguzwe. Asitupwe baharini na asiguswe kwa mikono mitupu. Paka, punda, ng'ombe na mbuzi nao wanaumwa maradhi haya wakiumwa na mbwa, kwa hiyo mbuzi anayetoka udenda na kugongagonga kichwa si wa kuchinjwa haraka ili nyama isipotee.

Turudi kwenye lile swali letu la mwaka juzi.

Mfano tulio nao wa karibu kabisa uko Pemba. Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Glasgow, walichapisha mwaka 2023 utafiti uliofuata maradhi haya Pemba kuanzia 2010 mpaka 2020. Waliwafuatilia walioumwa wakiuliza mbwa yule katokea wapi, na juu ya hayo wakasoma vinasaba vya virusi wenyewe ili kujua mbwa gani alimuambukiza nani. Ni ukaguzi wa hesabu, ndugu zetu, hauna jina jengine. Kila tone la mate limefuatiliwa mpaka kwenye vocha yake.

Waligundua kwamba mwaka 2010 kulikuwa na minyororo mitano ya maambukizi inayozunguka Pemba kwa wakati mmoja. Chanjo ya mbwa ya kisiwa kizima ilipoanza na ikawa inafanywa vizuri kila mwaka, mbwa wagonjwa wakapungua, watu wanaoumwa wakapungua, vifo vikapungua, na ifikapo Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika. Kisiwa kikawa safi. Kisha yakafanyika yale yale tuliyoyafanya sisi kwenye meza yetu: chanjo ikasita. Mbwa waliochanjwa wakafa kwa umri, watoto wa mbwa wakazaliwa bila kinga, na mwishoni mwa 2016 maradhi yakaingia tena Pemba, mara mbili. Ikabidi chanjo ya kisiwa kizima irudishwe, na mlipuko ule ukamalizika Oktoba 2018.

Watafiti wale walipiga pia hesabu ya fedha, na hapa ndipo tulipoona aibu. Kuwapa chanjo watu walioumwa peke yake kunagharimu dola 256 kwa kila kifo kinachozuiliwa. Kuchanja mbwa kila mwaka pamoja na kuwapa watu chanjo bure ni dola 1,657 kwa kila kifo. Mhasibu mvivu anaifunga faili hapo, anachagua 256, anakwenda kunywa chai. Lakini chanjo ya mtu haimpunguzi hata mbwa mmoja mgonjwa. Mwakani unalipa tena, na mwaka wa tatu unalipa tena, na kila malipo yana mtoto aliyeumwa ndani yake. Anayekata mnyororo ni mbwa aliyechanjwa. Kwa Pemba, kukiweka kisiwa bila maradhi kunaziepusha familia zaidi ya 30 kila mwaka na kuumwa na mbwa mwenye kichaa. Familia hizo haziingii kwenye vocha ya mtu, kwa sababu hakuna lililozipata. Sisi wa hesabu ni wepesi kusahau kitu ambacho hakikutokea.

Tena si lazima uwachanje wote. Mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, huwaambukiza wenzake mmoja au wawili tu. Ndiyo maana ukifikia asilimia 70 ya mbwa wa eneo, maradhi yanakosa pa kupita, na kiwango hicho kinaacha nafasi ya wale watakaozaliwa kabla ya chanjo ya mwakani. Sisi tunaita uchakavu: kinga ya eneo inachakaa kila mwezi kama thamani ya gari, na usipoitengea fedha kila mwaka, siku moja unakuta huna gari.

Yuko atakayesema, si tuwaue tu? Hilo limejaribiwa sehemu nyingi duniani na halikumaliza maradhi. Ukiwaua mbwa wa jaani leo, jaa bado lipo, wanakuja wengine kula, na hao wapya hawana chanjo. Mara nyingi umewaua pamoja nao wale waliokuwa wameshachanjwa. Kama tunataka mbwa wapungue, tuanze na jaa. Vichwa vya samaki vikiachwa wazi pwani kila jioni, mbwa watakuja.

Basi mbwa wa nani? Wa mlinzi, wa mwenye shamba, wa hoteli, wa jaani. Wote wanapita njia moja na watoto wetu wanaotoka chuoni. Unguja nayo iko karibu na bara kuliko Pemba, vyombo vinaingia na kutoka kila siku, na mbwa mmoja ndani ya jahazi anatosha.

Tunachoomba mwaka huu ni hiki. Kifungu kile tumekirudisha. Tutakaa na daktari wa mifugo wa wilaya na masheha tupange siku ya chanjo ya mbwa kila mwaka, karibu na tarehe 28 Septemba ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na jumuiya igharamie usafiri, chakula cha vijana watakaokwenda kuwakamata mbwa wasio na wenyewe, nyavu, na kamba za rangi za kuwafunga shingoni waliokwisha kuchanjwa. Kijana atakayeshika wavu lazima awe amechanjwa yeye kwanza. Hilo hatutalipunguza hata bajeti ikibana. Wenye mashamba na wenye majumba yanayojengwa, tunawaomba muwaambie walinzi wenu walete mbwa wakiwa na kamba. Watoto wa mbwa nao waletwe, wasiachwe nyumbani kwa kuambiwa bado wadogo.

Pili ni mfuko wa dharura. Mtu akiumwa, mshika fedha atoe nauli na gharama za chanjo siku ile ile, bila kusubiri kikao, na vocha ifuate baadaye. Mnatujua sisi tulivyo wagumu wa vocha. Kwa hili tumekubaliana kulegeza. Fedha hizo pia zitatumika kupiga simu mapema kujua chanjo ipo kituo gani wiki hiyo, ili mzazi asizungushwe kama tulivyozungushwa sisi.

Na tatu ni mifereji na sabuni kwenye vyuo na skuli zetu, pamoja na maalim kuwaambia watoto kila mara kwamba anayeumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka aseme, na akisema hatopigwa. Hili halina gharama, lakini mtoto wetu alikaa siku tatu kwa ajili yake.

Alimaliza sindano zake zote. Zaidi ya mwaka umepita, yuko darasa la tatu, na leo yuko hapa amekaa mstari wa mbele, tumeona ameshachoka kutusikiliza.

Katibu yuko kwenye meza ya mlangoni na daftari la ahadi. Mnaotuma kutoka ng'ambo, kwenye maelezo ya malipo andikeni neno "mbwa", ili tusije tukaziingiza kwenye madawati.